Mtoto wa miezi minne, tamasha la kwaya Njombe na hema la mwezi Julai

SWALI: Naishi Iringa mjini na nina mtoto wa miezi minne, ananyonya maziwa yangu tu. Mwisho wa Julai kwaya yetu inakwenda Njombe kwenye tamasha la siku mbili, uwanja wa wazi nje kidogo ya mji. Tutalala mahemani kwa sababu tumeambiwa gesti zimejaa. Naimba sauti ya pili, siwezi kukosa. Mume wangu anasema twende na mtoto, mama mkwe anasema tutamtafutia kichomi. Nimsikilize nani, na nikienda nijiandaeje?

JIBU: Dada yangu, wasikilize wote wawili. Mchana wa tamasha unawezekana kabisa kwa mtoto wa umri huo. Usiku ndio wenye kazi. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Julai ni kilele cha baridi ya huku kwetu. Joto la alfajiri linaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na ukipanda kuelekea Makete na Kitulo utakuta barafu imetanda kwenye majani. Kwa hiyo nenda, lakini kabla hujakubali hema, tafuta chumba.

Gesti kujaa si sawa na vyumba kwisha. Tamasha la kwaya huwa na wenyeji wake, iwe usharika, kigango au familia za waimbaji wa pale, na waandaaji wakiambiwa mapema kuwa kuna mama mwenye kichanga, chumba kimoja hupatikana. Piga simu wiki tatu kabla, taja umri wa mtoto, omba chumba chenye mlango unaofunga na choo cha karibu. Utashinda uwanjani na jioni utaondoka kwenda kulala ndani. Hilo ndilo ningelichagua kwa mtoto wa miezi minne mwezi huo. Najua hata hivyo kuwa huenda kisipatikane, hivyo hema nalo nitalieleza kwa kirefu.

Kabla ya hema, blanketi na pampasi, jibu hili kwanza: ukiwa jukwaani, mtoto yuko kwa nani? Usiseme wenzako wa kwaya watamshika, maana nao watakuwa jukwaani. Anatakiwa mtu mzima mmoja ambaye kwa siku zote mbili hana kazi nyingine. Asiwe muimbaji, mpishi, dereva wala mtunza sare, na asiguse pombe. Mtoto wa miezi minne hawezi kujiondoa mbele ya spika. Blanketi likimfunika uso hawezi kulitoa, na likimtoka miguuni hawezi kulirudisha. Hawezi kusema kuwa kichwa kinamuuma. Kila kitu kinamtegemea aliyemshika, na aliyemshika akiwa na shughuli ya pili, mtoto ndiye husahaulika kwa dakika kumi. Kama mama mkwe ana afya njema na baridi anaiweza, yeye ndiye ningemwomba asindikize. Bibi anayehofia kichomi atakiangalia kifua cha mjukuu wake mara nyingi kuliko mtu yeyote kwenye uwanja huo. Mtu huyo asipopatikana, baki Iringa na mtoto. Kwaya itaimba na sauti ya pili wachache.

Sasa hicho kichomi chenyewe. Baridi peke yake haileti kichomi. Kichomi huletwa na vimelea, na vimelea huja na watu: mwenye kikohozi aliyekaa kiti cha nyuma kwenye kosta, shangazi mwenye mafua anayembusu mtoto, mikono isiyonawa. Moshi wa kuni na mkaa huchubua njia ya hewa na kuvirahisishia kazi. Baridi ina ubaya wake mwingine. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na nguvu ambayo angeitumia kunyonya na kupambana na maradhi huishia kwenye kujipasha joto. Aliyepoa hunyonya kidogo, na anayenyonya kidogo huzidi kupoa.

Fungua kadi ya kliniki leo hii. Mwenye miezi minne anatakiwa awe amemaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kati ya hizo imo ile ya nimokoko inayokinga aina mojawapo kubwa ya kichomi. Kama kuna iliyorukwa, nenda kliniki sasa, usingoje wiki ya safari, kwa sababu kinga huhitaji siku kadhaa kujijenga. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa 18, hivyo mwanao bado hana chanjo ya surua. Uliza kama kuna surua Njombe au katika vijiji zinakotoka kwaya nyingine. Ikiwepo, mtoto asiende, na hapo sina mjadala.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: jiko la mkaa lisiingie hemani. Lisiingie kwa dakika tano za kupasha hewa, lisiingie wakati mnabadilisha nguo, na lisiwekwe kwenye kibaraza cha hema lipoe. Watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanajua kuwa mkaa unaofuka ni hatari, kwa hiyo huliacha jiko nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo huliingiza. Kosa liko hapo hapo. Hewa inayoua si ule moshi unaouona. Ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo huendelea kuitoa mpaka uzimike kabisa. Mkaa uliofunikwa na majivu nao huitoa. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo moyo unasukuma damu isiyobeba hewa. Aliyelala haamki, kwa sababu hakuna kinachomkaba wala kumkohoza.

Hema la watu wanne lina hewa kidogo kuliko chumba kidogo cha kulala, na usiku wa baridi kila mtu hufunga zipu mpaka mwisho. Kuacha upenyo wa vidole vinne hakutoshi. Mtoto huathirika mapema kwa sababu anapumua haraka kuliko ninyi. Watu wawili au watatu wakiamka kwa pamoja vichwa vinawauma, wana kichefuchefu na kizunguzungu, msimeze dawa ya kichwa mkalala tena. Mtoeni mtoto nje kwanza, tokeni wote, nendeni hospitali, na mseme wazi kuwa kulikuwa na jiko. Mtoto atakuwa amelegea, hataki ziwa, au anatapika. Onyo hili linahusu pia chumba cha gesti na chumba cha mwenyeji. Mwenyeji mkarimu wa Njombe atakuletea jiko chumbani kwa moyo mweupe. Mshukuru, liache nje.

Jenereta la jukwaa hutoa hewa hiyo hiyo. Mita 6 kati ya jenereta na hema ni kiwango cha chini kabisa. Kwa sababu ya kelele, na kwa sababu upepo hubadilika usiku, ningetaka 50 na zaidi.

Joto la hemani basi litoke wapi? Kwanza chini. Watu hurundika blanketi juu wakati ardhi ndiyo inayowanyonya joto usiku kucha. Fikeni uwanjani kabla ya saa kumi alasiri ili mchague mahali mkiona. Epukeni bondeni na kando ya mto, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda kujikusanya chini. Tofauti ya mita chache za mwinuko mtaisikia alfajiri. Tandikeni turubai, kingo zake zikunjwe ziingie chini ya hema, kwani ikichomoza nje hukusanya umande na kuupeleka chini yenu. Ndani wekeni maboksi ya katoni yaliyobanjuliwa, tabaka mbili. Maduka ya jumla huyatoa bure au kwa fedha kidogo, na huzuia baridi vizuri kuliko mkeka peke yake. Juu ya katoni weka mkeka, kisha godoro la sponji gumu la inchi 3 au 4, kisha blanketi lililovutwa na kupachikwa chini ya godoro, mwisho shuka lililobana. Godoro la kujaza upepo liacheni. Hewa iliyo ndani yake hupoa kama nje, na mtoto huzama katikati uso ukaelekea kitambaani.

Matundu ya hewa ya juu ya hema yaachwe wazi ingawa roho itawatuma kuyafunga. Pumzi za watu wanne zikigusa kitambaa baridi hugeuka maji, maji hudondoka, na blanketi lenye unyevu halina kazi tena. Wengi wanaoamka wamelowa hulaumu hema kuwa linavuja, kumbe ni pumzi zao.

Mavazi ya kulalia. Yaanze na fulana ya pamba inayoshika mwili, kisha nguo ya kulalia ya mikono mirefu yenye miguu, kisha sweta la sufu au la flizi lisilo na kofia wala kamba shingoni, na soksi mbili nyembamba badala ya moja nene inayobana. Juu ya yote, mfuko wa kulalia. Kama hujauona dukani, fundi cherehani atakushonea kwa blanketi la flizi. Urefu kutoka begani uzidi urefu wa mtoto kwa sentimita 10 hivi ili miguu icheze. Matundu ya mikono yakae karibu na kwapa, na shingo iwe ndogo kiasi kwamba kichwa hakiwezi kuteleza kikaingia ndani. Zipu ifunguke kuanzia chini, ubadilishe pampasi bila kumvua kifua. Mfuko huo unachukua nafasi ya blanketi la juu, kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kumpanda usoni. Kofia iwe nyembamba, inayokaa vizuri kichwani, isiyo na kamba, na uivue hema likipata joto. Kumzidishia nguo nako ni hatari: mtoto aliyepata joto kupita kiasi hulala usingizi mzito, na joto hilo huongeza uwezekano wa kifo cha ghafla usingizini.

Alale chali, bila mto, bila midoli, bila kanga iliyokunjwa pembeni mwake. Mahali salama zaidi ni godoro lake dogo gumu pembeni mwako, umbali wa mkono. Najua pia kwamba mama wa Kitanzania hulala na mwanawe, na kwenye baridi ya Njombe hakuna atakayekuzuia. Kama ni hivyo, alale chali usawa wa ziwa lako, upande wako mmoja tu, si katikati yako na mume wala kati yako na bibi. Vaa sweta nzito na blanketi lako liishie kiunoni. Nywele ndefu zifungwe, mkufu na lemba vivuliwe. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya usingizi asilale godoro moja naye. Na wewe, kama umeimba mpaka saa saba usiku na macho hayafunguki, usimnyonyeshe ukiwa umelala ubavu. Mwamshe bibi akae nawe mpaka mtoto amalize, kisha yeye ampokee.

Chupa ya maji ya moto inaruhusiwa kwa namna moja tu. Maji yawe ya moto yasiyochemka, chupa ifungwe vizuri na kuviringishwa kwa taulo, iwekwe kwenye mfuko wa kulalia wa mtoto dakika 20 kabla ya kulala, halafu itoke. Isilale naye. Ngozi yake huungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida.

Usiku wekeni zamu. Saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mmoja wenu aamke amguse mtoto. Usipime kwa mikono wala miguu, kwa sababu vidole vya mtoto mdogo hupoa hata akiwa mzima. Washa tochi ukiielekeza chini, pasha vidole vyako kwapani kwako, kisha ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake na uvishushe taratibu hadi kati ya mabega. Pakiwa na joto na pakavu, mwache. Pakiwa na jasho, mpunguzie vazi moja. Pakiwa baridi, kumwongezea blanketi hakutoshi, kwa sababu blanketi halitengenezi joto, hulitunza tu. Mvue abaki na pampasi na kofia, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi ndani ya sweta lako, jifunikeni wote, uso wake ukiwa nje, mnyonyeshe. Mpime kwapani kwa kipimajoto: 36.5 hadi 37.5 ni kawaida. Akiwa chini ya 36.5 na saa moja ya ngozi kwa ngozi haijampandisha, ondokeni kwenda hospitali usiku huo huo.

Tundikeni pia kipimajoto cha chumba ndani ya hema. Kipimo ninachokishauri ni hiki: kikisoma chini ya nyuzi 10 kabla ya saa sita usiku, msingoje. Baridi kali zaidi huja kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, wakati ambao kila mtu amechoka na dereva hapatikani. Hamieni ndani ya nyumba yoyote, hata kama ni sebule ya mwenyeji, saa hiyo hiyo.

Kuhusu sauti, waimbaji mmezoea spika na mnazidharau. Kwa mtu mzima kazini, desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 ndio ukomo unaokubalika, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hugawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15. Mbele ya jukwaa la tamasha si ajabu kufika 100. Kwenye uwanja wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6, hivyo penye 100 kwa mita 10, kwa mita 40 ni kama 88, na kwa mita 160 ni kama 76. Makadirio hayo hubadilika na aina ya spika na upepo, lakini yanakuonyesha kwa nini hema likae mita 150 au zaidi, nyuma ya jengo au kilima kama kipo. Bila kifaa chochote, pima hivi: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, mtoto asiwe hapo.

Akitaka kukuona ukiimba, avishwe vizuia sauti vya watoto vinavyofunika sikio lote kama hedifoni, kofia isiwe katikati ya kifaa na ngozi. Vilivyo bora hupunguza desibeli 20 hadi 25, ila besi hupita mwilini, kwa hiyo wimbo mmoja au miwili kwa mbali inatosha, kisha warudi hemani. Pamba masikioni haisaidii kitu cha maana na inaweza kusukumwa ndani. Vizibo vidogo vya mpira ni vya watu wazima. Mtoto akivitoa huviweka mdomoni. Na msisahau saa za kujaribu vyombo, ambazo ndizo fundi mitambo hupandisha sauti ghafla. Mwombe ratiba yake.

Mchana tatizo hugeuka. Upepo wa Julai ni baridi, mtu hasikii jua, lakini kwenye mwinuko kama wa Njombe jua huchoma ngozi haraka kuliko pwani. Kabla ya miezi 6 kinga yake ni kivuli na nguo nyepesi za mikono mirefu, si krimu. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni asikae juani. Kwenye umati abebwe mbele, si mgongoni, mpate kuuona uso wake: pua wazi, kidevu hakijagusa kifua. Mbeleko ya kitenge inafaa sana mkitembea pembeni, lakini kwenye msukumano aliyembeba mgongoni hajui nani amemkoholea mtoto wala mbeleko imepanda wapi.

Kunyonya ndiko kutakakokuokoa safari nzima, kwa hiyo linda maziwa yako. Hewa kavu ya baridi hukausha mwili bila kukutoa jasho, na muimbaji hupoteza maji zaidi kwa pumzi. Kunywa kila unaponyonyesha, uji wa ulezi asubuhi na usiku, usiruke mlo kwa sababu ya mazoezi. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema kuwa utanyonyesha nusu saa kabla ya kupanda na mara tu ukishuka. Kipindi cha dakika 40 jukwaani hakina shida. Kama ratiba ni ndefu, kamua kwa mkono kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa saa 4 kivulini, na baridi isikudanganye ukayaacha mpaka jioni. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo akiwa amekaa wima, akilamba polepole, mililita 60 hadi 120 kwa mara moja. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa yenye chuchu. Maji ya kunywa asipewe, hata kama kuna vumbi. Maji yenu na ya kuoshea vyombo yachemke kwa dakika 3 kamili, si kufoka tu, kwa sababu kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto pungufu ya nyuzi 100.

Na tafadhali, msimpe dawa ya mafua ya maji ili alale wakati wa mkesha. Ushauri huo huzunguka sana kwenye safari za kwaya. Dawa zile humlaza kwa kudidimiza ubongo, na pumzi ya mtoto mdogo inaweza kudidimia nazo.

Pampasi: hesabu 8 kwa siku, siku tatu pamoja na safari ni 24, ongeza 6. Andaa kila kitu kabla ya kufungua zipu, na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai yafanye kazi badala ya vitambaa baridi vya kufutia. Angalau nepi 6 zilizolowa kwa saa 24 ni dalili kuwa maziwa yanatosha.

Mikono ni kazi nyingine, kwa sababu kwaya nzima itataka kumshika mtoto. Tengenezeni kibuyu chirizi mlangoni mwa hema: dumu la lita 5, tundu moja kwa msumari wa moto sentimita 10 chini ya mdomo, kamba kutoka kwenye mfuniko hadi kijiti cha kukanyaga, sabuni ining'inie pembeni. Dumu likiwa mlangoni, hakuna anayeona aibu kuambiwa anawe. Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kwa mbali, hata kama ni mchungaji.

Mbu hawatawasumbua sana, kwa kuwa Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini. Beba chandarua chenye dawa hata hivyo, ni chepesi. Tamasha lingekuwa Kyela, Matema kando ya Ziwa Nyasa au kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, ningegeuza ushauri wote: baridi ingeshuka daraja na chandarua kingekuja juu kabisa.

Katika mkoba wako wewe, si kwenye mizigo ya kwaya, viwemo kadi ya kliniki, kipimajoto cha kwapani, bomba la mililita 5 lisilo na sindano, na parasetamoli ya maji ya watoto. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 6 hupata mililita 2.5 hadi 3.75. Soma chupa, nguvu hutofautiana, na umpime uzito kliniki kabla ya safari. Homa kwapani ni 37.5 na kuendelea. Kwa umri huu mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo. Dawa ni ya kumpunguzia maumivu njiani.

Dalili za kuondoka bila kujadiliana ni hizi: anakataa ziwa, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, degedege, au kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, si nusu ukazidisha: 50 au zaidi ni haraka mno kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12. Mkiwa uwanjani Njombe, hospitali mojawapo ni Kibena. Mkiwa upande wa Makete, Ikonda. Mpateni kabla ya usiku dereva mmoja anayelala pale pale, gari lina mafuta, simu yake imejaa chaji. Bodaboda saa tisa usiku na mtoto kwenye baridi ile si usafiri.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Mafinga na Makambako. Safirini mchana, kaeni mbali na mlango wa kosta, simameni kila saa 2 anyonye na anyooshwe mgongo. Mkirudi nyumbani, mwangalieni kwa wiki mbili kamili. Homa ikifuatana na macho mekundu, mafua na vipele vinavyoanzia usoni, mpeleke kituo cha afya lakini wajulishe kabla hujaingia kwenye foleni, ili wasikukalishe na watoto wengine wadogo.